Rozari ya Mawe ya Hippolyte

Bwana yangu Hippolyte alipenda mawe kupita kiasi. Nasema hivyo mimi Anastasie, muke wake wa ndoa, niliyekuwa nafagia hayo mawe nyumbani kila asubuhi. Mutu anaenda kuoga mutoni, anarudi mugongo bado una vumbi na mawe kumi mufukoni. Mekundu, meusi ya kung'aa, mengine meupe ya kuona ndani. Ukimuuliza sabuni iko wapi, anakuonyesha jiwe.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza rozari, pale misheni, kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Wakati ule wa Wabeleji, mapadri walimupa mbegu kavu na waya, yeye anatoboa, anaunganisha, basi. Lakini jiwe hakutaka kulitoboa, ati ukilitoboa unaliumiza. Alilizungushia waya mwembamba wa shaba, aliouchomoa kwenye dinamo ya misheni iliyoungua. Mara tatu, mara nne, mupaka jiwe linashikwa vizuri, halafu anakunja kitanzi huku na kitanzi huku. Jiwe moja linamumalizia asubuhi yote. Shamba la muhogo nalima mimi.

Kitu kilichonifanya nivumilie ni mama yake, Mathilde. Macho yake yalikuwa yamekufa yote mawili. Alikuwa mwanamuke wa sala, lakini rozari ya mbegu ilimusumbua. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, na mbegu zote ni sawasawa. Akifika katikati anapotea, anaanza upya. Siku nyingine alilia kabisa. "Mungu atanichukua sijamaliza hata moja," alisema.

Hippolyte akamuahidi rozari ya kusomwa na vidole. Kila kumi la Salamu Maria litakuwa na mawe ya namna yake: la kwanza mawe ya mviringo, la pili yenye pembe, la tatu yanayokwaruza, la nne marefu, la tano laini kama sabuni. Baba Yetu ni jiwe kubwa. Miaka mitano aliyatafuta hayo mawe, mupaka vijito vya karibu na Kabambare. Nilimutukana, nikamupikia, nikamutukana tena. Ilipokwisha, Mama Mathilde akaishika, akapita jiwe kwa jiwe, akafika kwenye musalaba bila kupotea. Alicheka peke yake kama musichana.

"Sasa ipeleke ibarikiwe," akasema. "Bila baraka ni shanga tu."

Nani angekataa? Hippolyte akaisugua kwa majivu na ndimu, akaipeleka. Padri Mukubwa akaibariki, akaiinua kwenye dirisha, akaita masista waje kuona. Akasema kitu kizuri hivi kinamufaa Bikira Maria mwenyewe, pale kwenye sanamu yake kanisani, wakristu wote wakione. Akamusifu Hippolyte mbele ya watu. Na bwana yangu, aliyejua vizuri ile rozari ni ya nani, akajibu nini? "Ndiyo, Padri. Asante, Padri."

Hiyo bado si kitu. Akaambiwa aifunge yeye mwenyewe, isije ikaibiwa. Mutu mwingine angefunga ovyo. Hippolyte hawezi kufanya kazi mbaya hata kama kazi yenyewe inamuua. Alipanda na koleo lake, akazungusha waya kwenye vidole vya sanamu, akazificha ncha ndani. Akarudi nyumbani, akakaa uani. Mama alimuuliza kama imebarikiwa, akasema imebarikiwa. Mengine ilibidi niseme mimi. Mama hakulalamika. Aliomba tu arudishiwe ile ya mbegu.

Niliwaka. Nikamuambia Hippolyte aende kwa Padri aseme. Kesho, anasema. Juma lote likawa kesho. "Nitaonekana namunyang'anya Bikira," anasema. Ati anamunyang'anya Bikira. Na mama aliyekuzaa, yeye nani amemunyang'anya?

Jumamosi ilikuwa zamu yetu wanawake kuosha kanisa. Nikavuta benchi mupaka chini ya sanamu, nikapanda ili niifungue. Nilivunja kucha mbili. Ule waya haukuwa na mwanzo wala mwisho. Sijawahi kuchukia kazi nzuri namna ile. Nikashuka, nikaenda nyumbani, nikamushika Mama mukono.

"Tunaenda wapi?" akauliza.

"Kusali, Mama."

Nikamupandisha juu ya benchi, nikapeleka vidole vyake kwenye rozari, pale ilipokuwa inaning'inia. Akaitambua, akaanza. Wenzangu wakaacha kufagia. Nilikuwa nimemukumbatia miguu asianguke, na hakupotea hata mara moja.

Alikuwa kwenye kumi la nne wakati Hippolyte alipoingia. Mumoja wa wanawake alikuwa amekimbia kumuita. Akasimama mulangoni. Mama alizijua hatua zake.

"Hippolyte, njoo unishike. Anastasie amechoka."

Akaja, akamushika. Mama akamaliza la nne, akamaliza la tano, taratibu, akabusu musalaba. Halafu akaweka mukono juu ya kichwa cha mwana wake.

"Mwanangu," akasema, "kusema 'ni ya mama' kulikuwa maneno mangapi?"

Mama alikuwa amekwisha kusali, lakini Hippolyte aliendelea kumushika miguu.