Magadi ya Shangazi na Betri ya Malambo

Sisi tuliokulia kijijini Endamarariek kabla nguzo za umeme hazijatufikia, chaji tuliijua kwa uzito wake. Ilibebwa begani, ilifungwa juu ya punda, iliteremshwa kutoka kwenye lori la mnada na wanaume wawili wakiguna. Kijana wa leo simu ikibaki asilimia ishirini anatafuta soketi huku anahema, utadhani mgonjwa ni yeye. Enzi zetu betri ya redio ikikata katikati ya taarifa ya habari, tulisubiri mpaka ichajiwe ndipo tujue dunia imeishia wapi. Tuliikuta palepale.

Chaji yenyewe ilipatikana kwa Baba. Alikuwa na mashine ya kusaga, na injini yake ya dizeli ilipoanza kuunguruma asubuhi, mkanda mmoja ulizungusha kinu na mwingine ulizungusha dainamo ya gari bovu aliyoifunga kwenye gogo. Pembeni palikuwa na kibanda cha bati kisicho na ukuta, na humo betri zilipangwa juu ya mbao, kila moja na alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu, kamba ya katani, ushanga. Mpaka leo nikinusa unga wa moto uliochanganyika na dizeli, namwona Baba na kofia yake nyeupe kwa vumbi la mahindi. Na ile harufu kali ya tindikali ilikuwa inakereketa puani. Sweta zetu za shule zilikuwa na matundu kama chekeche. Huyaoni siku tone linaporuka, yanajitokeza baada ya kufuliwa, na Mama alipoyaona tulijua chakula cha jioni kitaliwa kwa adabu.

Baba alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa betri. Kibanda hakikuwa na ukuta kwa makusudi, maana betri ikichajiwa hutoa hewa ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Wazee waliokuja na sigara aliwaambia, "Hapa ugoro ruksa. Moto mwachie mkeo jikoni." Wafugaji wa Kimaasai kutoka Malambo walivua bangili zao na kuzitundika kwenye msumari wa nguzo, kwa sababu chuma kikigusa vichwa viwili kwa pamoja hakuna wa kusimulia vizuri kilichotokea. Maji ya kuongezea yalikuwa ya mvua tu, yaliyokingwa kwenye beseni la plastiki katikati ya uwanja, si chini ya bati lenye kutu. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi, na Baba alisema betri haili chumvi. Aliongeza mpaka sahani za ndani zifunikwe, basi, bila kujaza mpaka mdomoni. Wala hakuichaji kwa haraka. Watu walipomsukuma, alijibu kwamba ng'ombe aliyekonda hanenepi kwa kulishwa debe zima usiku mmoja.

Kanuni aliyoipenda zaidi ilikuwa ya nyaya. "Hasi ni mgeni," alituimbia. "Huingia wa mwisho, hutoka wa kwanza." Maana yake ukifunga betri anza na chanya, ukifungua anza na hasi. Tuliijua kabla hatujalijua jedwali la mbili, na kwa baadhi yetu jedwali la mbili halikufuata kamwe.

Vichwa vya betri vikiota ule ukoko wa kijani na mweupe, Baba aliziba vifuniko vyote kwanza, akakoroga magadi kidogo kwenye maji, yaleyale magadi ya kupikia yanayouzwa mnadani, akasugua kwa mswaki mkuukuu. Ukoko ulitoa povu ukayeyuka. Akasuuza, akakausha, akapaka grisi. Mtungi wa magadi ulikuwa wa Shangazi Paskalina, dada yake Baba, tuliyeishi naye. Hakuna aliyepika makande laini kumzidi, na aliamini hakuna kigumu duniani kisicholainika kwa magadi, hata tabia ya mtu. Alikuwa na moyo wa dhahabu na haraka ya kusaidia kabla hajaombwa.

Mwaka ninaoukumbuka, Mama alikuwa mjamzito. Uzazi uliotangulia nusura umwondoe, na nesi wa zahanati alimwonya Baba waziwazi: uchungu ukianza tu, moja kwa moja hospitali Karatu. Land Rover yetu kuukuu ndiyo ilikuwa gari pekee la karibu. Kwa hiyo betri yake ikawa kama mtu wa tisa nyumbani. Baba aliiangalia kila siku, na Shangazi alimwangalia Baba akiiangalia.

Asubuhi moja ya masika, ukungu ukiwa umelala mpaka mlangoni na Baba yupo mashineni, Shangazi aliamua kuchangia. Alikoroga magadi kikombe kizima, akafungua vifuniko vyote vya betri ya gari, akamimina ndani. Povu lilipanda likamwagika pande zote, na kelele aliyoipiga Shangazi ilisikika kuishinda injini. Baba alikuja mbio. Alimkamata mikono akaimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, huku kitenge chake kikianza kuliwa.

"Niliona nje inang'aa," alilia Shangazi, "nikasema na tumbo lake lioshwe."

Baba alimweleza taratibu kwamba magadi ndiyo yanayoua tindikali. Nje yanasafisha, ndani yanazika. Betri ilikuwa imekufa. Na kabla jua halijatoboa ukungu, Mama alitoka chumbani ameshika kiuno, akasema imeanza.

Tulisukuma. Majirani walikuja, tukaishusha Land Rover kwenye mteremko, lakini dizeli ile ya baridi bila betri ya kuipasha moto haikutaka kusikia, na matairi yaliteleza kwenye udongo mwekundu kama sabuni. Chini ya mteremko gari lilisimama kimya. Nilimwona Baba ameweka mikono yote miwili juu ya boneti, na kwa mara ya kwanza maishani niliona anaogopa.

Kwenye kibanda palikuwa na betri moja kubwa iliyojaa, yenye ushanga wa buluu. Ilikuwa ya Mzee Lemayani wa Malambo, rafiki wa Baba wa mnadani, na mwenyewe alikuwa amesimama pale na shuka lake, kwa sababu alikuja kuichukua. Gari lake lilikuwa limelala huko kwao likiisubiri, na lori la kumrudisha lilikuwa linapiga honi barabarani. Baba hakuthubutu kuomba. Mzee Lemayani alimtazama Mama, akatazama betri.

"Baba Eliza, weka hiyo," alisema, akimwita Baba kwa jina langu. "Gari yangu haina mimba, itangoja."

Sasa ndipo nilipomchukia baba yangu. Mama anauma kanga, na yeye anazima mashine, anachomoa nyaya za chaji moja moja, anapunga gunia kuitawanya ile hewa. Anavua saa. Anamfukuza jirani aliyefika na sigara mdomoni. Anabeba, anaweka, anafunga chanya, anakaza, kisha hasi. Nilitaka kumpigia kelele aache kuimba nyimbo zake za mgeni. Leo mimi ni mama, nami najua kwamba cheche moja ya haraka pale ingetuacha bila baba, bila gari na bila Mama. Alisubiri betri iipashe injini joto, akawasha, na ule mngurumo nausikia mpaka leo.

Walifika Karatu. Mtoto alikuwa wa kike, na Mama akamwita Naserian, jina la Kimaasai lenye maana ya amani. Wazee wetu wa Kiiraqw walinung'unika, maana bado walikuwa na kumbukumbu ya mifugo iliyochukuliwa zamani na watu wa kule. Mama aliwajibu kwamba ng'ombe walioibwa yeye hawajui, aliyempa betri anamjua. Betri ilirudi Malambo kwa lori la mnada uliofuata, imechajiwa polepole, vichwa vimepakwa grisi, na juu yake chungu cha makande ya Shangazi.

Siku hizi umeme umefika, mashine ya kusaga inazunguka kwa swichi, na betri nyingi zimezibwa kabisa, huna cha kuongeza. Sikatai, ni vizuri. Ila nakumbuka chaji ilivyotukutanisha. Mtu wa Malambo na mtu wa Endamarariek walijuana majina ya watoto kwa sababu ya kusubiri betri ijae. Baba na Mzee Lemayani wote wametangulia, na wajukuu wao wanafahamiana kwa picha za simuni.

Lakini Naserian ni fundi Karatu. Anahudumia magari ya umeme ya watalii yanayoshuka kreta kimya kimya, hata pundamilia hawageuki, na anasema hata hayo yana betri ndogo ya kawaida chini ya boneti, yenye chanya na hasi zilezile. Jumapili baada ya kanisa anafungua kibanda cha Baba, alichokiezeka upya na kukiwekea paneli za jua. Vijana wa bodaboda wanaleta betri zao, wengine kutoka mbali, na wanavua pete na kuzima sigara wakilalamika. Wakisubiri, wanapiga soga.

Shangazi Paskalina, mzee sana sasa, hutolewa kiti akae karibu aone. Naserian akifungua boneti tu, Shangazi hupeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo na kuifungia huko. Hungoja mpaka spana ya mwisho itulie.

"Mgeni ameingia wa mwisho?"

"Ameingia, Shangazi," hujibu Naserian, na gari linawaka.