Siku Kocha Alipokaa na Watazamaji

Sauti ninayoikumbuka zaidi ya utotoni ni ya mbigili zikidondoka kwenye ndoo ya bati. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mechi, wachezaji wa chuo alichofundisha baba walijipanga mstari mmoja kwa upana wa uwanja, wakainama, wakasogea taratibu wakiokota miba hiyo midogo ambayo kiangazi cha Dodoma huitapanya kila mahali. Baba, mwalimu wa jiografia aliyekuwa pia kocha, aliinama nao, suruali ameikunja hadi magotini, vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi. Sheria yake ilikuwa moja na haikuwa na msamaha: asiyeokota mbigili hana kazi kwenye mechi ya siku hiyo. Aliwahi kumwacha nje mfungaji wetu bora kwa kuchelewa dakika chache tu, na yule kijana alilia mbele za watu. Mimi, niliyekuwa darasa la nne na mjuaji kupita kiasi, niliona baba ana roho mbaya.

Mwaka ule timu ilifika fainali ya vyuo, na ikapangwa kuchezwa kwetu. Mkuu wa chuo alimwambia baba bila kuficha kwamba kombe likikosekana, timu atapewa mtu mwingine. Nyumbani hapakukalika. Baba alipanga vizibo vya soda mezani, akavipangua, akavipanga tena huku chai ikipoa. Mama, ambaye hakujua hata timu ina wachezaji wangapi, alianza kufunga na kusali. Asubuhi ya fainali alitangulia kanisani, nami nikakataa katakata kutoka na gauni lenye mikunjo. Nililia, nikajitupa chini. Baba akatazama saa, akawasha mkaa, akalipiga pasi lile gauni mwenyewe, kola, mikono, mpaka marinda.

Tulipofika uwanjani, ndoo ilikuwa imejaa. Juma, nahodha, kijana mpole wa Kondoa, alikuja kutupokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmeshamaliza?"

"Tumemaliza, Mwalimu." Akaitazama ndoo.

Baba alimwelewa. "Nimechelewa, Juma. Leo timu iongoze wewe."

Hakutaja gauni wala mimi. Alinishika mkono, tukaenda kukaa na watazamaji.

Sijawahi kuona mtu akiteseka vile hali amekaa. Beki wetu wa kushoto alikuwa akipanda na kusahau kurudi. Baba aliliona hilo mapema, akaniminya mkono mpaka nikaguna, lakini mdomo hakuufungua. Bao likapitia upande huohuo, na mechi ikaisha hivyo. Nilijua mimi ndiye niliyetufungisha, na nilimchukia baba kwa kutonigombeza hata kidogo.

Timu alinyang'anywa kweli. Alirudishiwa msimu uliofuata, baada ya Juma na wenzake kwenda kumwomba mkuu, na hapo ndipo vikombe vilipoanza kuja hadi kabati la ofisi likajaa. Watu wakimsifu leo huvitaja vikombe hivyo, naye huwaacha waseme.

Mimi sasa naongoza kitengo cha wizara kule Mtumba, na nina sheria yangu: kikao kikianza, mlango unafungwa, aliyechelewa atasoma muhtasari. Nimewaacha nje watu wazima, mmoja akiwa ametoka kumpeleka mwanawe hospitali. Mwezi uliopita nilichelewa mimi. Nilisimama mbele ya ule mlango uliofungwa, nikajua kabisa baba angefanya nini, kisha nikausukuma. Aliyekuwa akizungumza alikatiza maneno, akaniachia kiti.

"Foleni, jamani," nikasema.

"Pole sana, bosi," wakaitikia wote, nami nikaketi nikaendesha kikao hadi mwisho.