Klachi ya Gari Jekundu la Bi Mwanatumu

Alichotaka yeye ni friji. Bi Mwanatumu wa Kibokoni alimtafuta mtu wa kumwandikia barua, akamtumia mwanawe Faiz huko Dubai, kwamba asumini zake zanyauka kwa joto kabla hazijafika kwa maharusi, na kwamba mama aliyezaa mtoto mmoja hana wa kumwomba ila huyo huyo mmoja. Faiz akajibu: "Mama, nakuletea kitu kikubwa kuliko friji."

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Miezi mitatu baadaye, bandarini Kilindini, pakashushwa gari jekundu la mashindano, la viti viwili, lililolala chini hivi kwamba paka wa Kibokoni, ambao hulala chini ya kila gari la mtaa, walilijaribu wakashindwa, wakaenda zao wamenuna. Tajiri wake Faiz alikuwa amelichoka. Kuingia ndani yake sharti mtu achuchumae kama aendaye haja, na kutoka sharti avutwe mikono yote miwili. Bi Mwanatumu aliingia siku ya kwanza tu. Waliokuwapo wasema alitolewa na wanaume wanne na mkeka. Hakuingia tena.

"Hili lakwenda kilomita mia mbili na ishirini kwa saa, shemeji," alisema Athmani, ndugu wa marehemu mumewe, akisoma saa ya mwendo kama asomaye barua ya urithi.

"Litoke wapi liende wapi?" akauliza Bi Mwanatumu. "Kisiwa chenyewe chaisha hujamaliza kupiga honi."

Bi Mwanatumu hakupata kukaa darasani hata siku moja, lakini miaka thelathini ya kupamba maharusi ilikuwa imemfundisha jambo ambalo halimo vitabuni: watu wa harusi hawanunui kitu, wananunua kuonekana. Akaanza kulikodisha gari pamoja na maua. Elfu tatu gari, mashada ya asumini mbali. Athmani, aliyestaafu kuendesha lori la bandarini na ambaye tangu astaafu alikuwa akiendesha kiti cha barazani tu, akawa dereva. Alijishonea koti jeupe kwa kazi hiyo. Lilimbana, lakini hakukiri.

Na hapo ndipo pa kosa, ingawa hakuna aliyelijua kuwa ni kosa. Bwana harusi wa Mji wa Kale hapelekwi mbio. Hutolewa kwao baada ya alasiri, beni mbele, ndugu na majirani nyuma, na kila baada ya hatua kumi msafara wote husimama, kwa kuwa shangazi mmoja amekumbuka hajamtuza mpiga tarumbeta. Kutoka Makadara hadi Ndia Kuu ni mwendo wa kumaliza embe moja. Gari lile liliuchukua kwa saa mbili. Muda wote huo guu la kushoto la Athmani lilikuwa limeishikilia klachi nusunusu, haiko juu wala haiko chini, kama mgeni aliyekaribishwa chakula akasema ameshiba huku akinawa mikono.

Harusi nane zikapita hivyo. Ya tisa, hapo Makadara, ikatoka harufu. Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza ni nani aliyefukiza udi wa bandia katika harusi ya watu. Mwengine akasema si udi, ni vitumbua vimeungua. Walipokuwa bado wanabishana, gari likanguruma kwa nguvu zake zote, likasimama pale pale. Bwana harusi akavutwa mikono miwili, akaenda kuoa kwa miguu.

Fundi Kahindi aliitwa kutoka Tononoka. Alikuwa mtu wa Kaloleni, mrefu, mpole, aliyetengeneza malori na magari ya abiria kwa miaka kumi na tano, na sifa yake moja ilikuwa kwamba hakumwambia mtu ugonjwa wa gari lake mpaka amwekee kile kilichoharibika mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, fundi. Mgonjwa huyo."

Kahindi akafunua mbele. Akatazama. Akafunika. Akafunua tena, polepole, kana kwamba mara ya kwanza hakufunua vizuri. Mlikuwa na gurudumu la akiba na mjusi.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, ili kumstahi, "injini yenu imeibwa."

Athmani akacheka hata kifungo cha koti kikaruka. Injini ilikuwa nyuma, mgongoni mwa viti. Kahindi hakukasirika. Alisema tu kwamba katika malori yake bado hajakutana na mnyama wa kubeba moyo matakoni.

Wanaume wanane wakalisukuma mpaka Tononoka, wakihema na kumlaani Faiz. Bi Mwanatumu alifuata nyuma na buibui lake, na kila walipopita watu walitoka milangoni kutazama. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akidhani harusi bado yaendelea. Bi Mwanatumu hilo aliliona, na alichokiona Bi Mwanatumu hakikuwa kikipotea.

Kahindi alifunga mnyororo kwenye tawi la mwarobaini uliokuwa gereji yake, akafanya kazi siku mbili, akaitoa injini, akailaza juu ya magunia. Kisha akamwekea Bi Mwanatumu mkononi kitu cha mviringo, cheusi, chembamba kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

"Hii ndiyo sahani ya klachi. Injini yazunguka huku, magurudumu yako kule. Hii hukaa katikati kuwashikanisha. Ukiiachia, washikana, gari laenda. Ukiikanyaga, waachana. Ukiishikilia nusunusu, yasuguliwa na wote wawili."

Bi Mwanatumu akaigeuzageuza. "Kumbe ni somo wa harusi, yule kungwi. Yeye ndiye asuguliwaye ili wale wawili wapatane, na shukrani hapati."

"Ndiyo, mama. Na huyu somo amekufa. Gari hili limezaliwa kukimbia, nanyi mmelifanya lisindikize."

"Mwengine bei gani?"

Kahindi akajikuna shingo. Ya lori, alisema, angeipata asubuhi ile ile madukani na chenji ya chai ikabaki. Lakini ya gari hili haiuzwi Mombasa nzima. Sharti iagizwe Dubai, na vyuma viwili vinavyokwenda nayo: elfu ishirini na nane. Kazi ya kuirudisha injini, elfu saba. Jumla thelathini na tano. "Na mkilitembeza kama mlivyokuwa mkilitembeza, mama, baada ya harusi tisa twaonana tena hapa."

"Kwa pesa hizo nanunua punda kadhaa."

"Punda hana klachi."

"Ndiyo maana adumu."

Alirudi nyumbani, akaketi mkekani na kokwa za tende. Kila elfu kokwa moja. Harusi tisa zilileta kokwa ishirini na saba. Klachi ilitaka thelathini na tano. Akazitazama zile nane zilizopungua. Hata mtu asiyejua kusoma aliziona zikimcheka.

Lakini kokwa hazikuwa ndizo zilizomnyima usingizi. Siku kumi na mbili mbele ilikuwa harusi ya Shukri, mwana wa Mzee Jamaldin auzaye vitambaa Bazari, na Bi Mwanatumu alikuwa ameapa mbele ya wanawake wote wa mtaa, katika siku ya kuchagua hina, kwamba Shukri ataingia Ndia Kuu ndani ya gari jekundu, ama yeye Mwanatumu hatashika tena sindano ya asumini maisha yake. Hakuna aliyemtaka aape. Mdomo wake ndio uliopenda. Sasa alikuwa na njia moja tu iliyoonekana: vikuku viwili vya dhahabu alivyoachiwa na mamake, ambavyo havijapata kutoka mkononi mwake hata siku ya kufua.

Siku ya tatu alirudi Tononoka, akamkuta Kahindi akila muhogo.

"Fundi, niambie kweli. Bila klachi gari hili laenda?"

"Haliendi, mama."

"Haliendi kabisa?"

Kahindi akafikiri, maana alikuwa mtu wa haki. "Labda lisukumwe."

"Haya." Akaketi juu ya gurudumu, akamsogelea, wakasemezana kitambo maneno ambayo hata Athmani, aliyejifanya anafuta kioo, hakuyapata. Kilichoonekana ni Kahindi kutikisa kichwa, kisha kutikisa tena, kisha kucheka mpaka muhogo ukampalia.

Kutoka hapo Bi Mwanatumu alikwenda Bazari moja kwa moja.

"Bwana Jamaldin, nimekuja kukuuliza. Kijana wako mtamwacha apelekwe na petroli?"

"Apelekwe na nini basi?"

"Gari la kwenda lenyewe ni la mgonjwa na la meneja wa benki. Bwana harusi wa watu husukumwa na damu yake."

Mzee Jamaldin akaweka chini mkasi. "Desturi hiyo ya tangu lini, Bi Mwanatumu?"

"Tangu watu waanze kuwa na ndugu."

"Nami mbona siijui?"

"Kwani wewe umeoa mara ngapi? Mara moja, na kwa miguu."

Jamaldin hakuwa mjinga. Alijua kuna kitu kimefichwa, akashindwa kujua ni kipi. "Na vijana wakikataa kusukuma?"

"Hilo niachie mimi."

Jioni hiyo akapita kwa ami zake Shukri, akawanong'oneza kwamba upande wa wajomba wameomba kulisukuma peke yao, ati ami hawana misuli. Kisha akavuka mpaka Tudor kwa wajomba, akawaambia kwamba ami wamesema mtoto ni wao, wajomba watabeba viatu. Akaenda kulala.

Siku ya harusi, gari lilitokea Makadara limefunikwa asumini mpaka rangi nyekundu ikawa ya kuchungulia. Shukri akachuchumaa, akaingia. Athmani akashika usukani kwa koti lake jeupe, na kifungo kipya. Beni ikaanza. Ami wakashika upande wa kulia, wajomba upande wa kushoto, na kabla tarumbeta haijamaliza wimbo wa kwanza gari lilikuwa limeishika beni kwa nyuma.

Waliolisukuma kwenda Tononoka walikuwa wanane na walitoka jasho. Siku hii lilikuwa jepesi kama susu ya kubembelezea mtoto. Watu wakasema ni baraka ya bwana harusi. Wapiga beni wakaanza kutembea upesi, kisha kukimbia. Mpiga ngoma kubwa alipoteza kiatu kimoja, na wasemao kweli wasema kiliokotwa Likoni. Mpiga tarumbeta alipuliza nyimbo tatu kwa pumzi moja. Mashangazi walituza huku wanakimbia, noti zikipeperuka, na Athmani alikuwa akikanyaga breki kwa miguu yote miwili akipiga kelele, "Jamani, bibi harusi hajamaliza kuvaa!"

Kahindi alikuwa amealikwa. Alisimama kando ya Bi Mwanatumu, akatazama msafara ukipita kama moto wa makuti.

"Mama, sasa zitaisha breki."

"Breki bei gani?"

"Hizo zapatikana. Bei ya kuku wawili."

"Basi na ziishe."

Tangu harusi ya Shukri, hakuna familia iliyotaka gari liwashwe. Kuwasha lilikuwa jambo la watu wasio na jamaa. Mwenye binamu wachache aliazima binamu. Bi Mwanatumu alipandisha bei ikawa elfu nne, na waliouliza kwa nini walijibiwa kwamba petroli imepanda.

Mwaka wa tisini na saba Faiz akarudi kwa likizo, na miwani nyeusi na viatu vyenye ncha. Alisalimu, akambusu mamake mkono, akapewa bilauri ya maji ya ukwaju, akainywa yote kwa mkupuo mmoja kwa ajili ya joto, akaomba na ya pili. Kisha akaomba ufunguo. Alikuwa amewaambia rafiki zake kwamba atawapeleka Nyali, wakaone gari linavyokwenda.

Bi Mwanatumu akampa ufunguo.

Faiz akachuchumaa, akaingia, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Akatoka kwa shida, akafunua mbele: gurudumu la akiba. Akaenda nyuma, akafunua. Mlikuwa na masinia kumi na mawili ya shaba, yamepangwa vizuri, mikeka miwili, birika la kahawa, na kapu la nyuzi za asumini.

Rafiki zake wakatazama mawinguni.

"Mama!" Faiz akalia. "Injini imeibwa!"

"Haikuibwa," alisema Bi Mwanatumu kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika jagi, vikuku vyake viwili vikigongana, na jagi lilikuwa na jasho la baridi. "Alikuja mtu wa mashindano ya magari, ana klachi yake, hana injini. Nami nilikuwa na injini, sina friji. Kahindi akatuunganisha." Akamjazia bilauri ya tatu. "Kunywa, mwanangu. Ndiyo hiyo injini yako. Si baridi?"