Mkwe wa Klabu Kumi na Moja

Usiku wa tarehe 31 Januari 2011, Dancille alikaa jikoni kwake Märsta, nje kidogo ya Stockholm, akisubiri faksi. Haikuwa yake, yeye hajawahi kupokea faksi maishani. Ilikuwa ya klabu moja ya Hispania, na ilitakiwa ifike kwenye shirikisho la mpira la huko kabla ya saa sita usiku, dirisha la usajili linapofungwa. Ikifika, Fermín Olarte, mchumba wa binti yake, angehamia huko, na posa ya Jumamosi, ambayo watu arobaini walikwisha kualikwa, ingekwenda na maji.

"Lugn, mamma," alisema Mélissa. Alikuwa anasomea uuguzi Flemingsberg, na kila alipotaka mama yake atulie alimwambia kwa Kiswidi.

"Nimetulia. Huoni? Nimesugua jiko mara tatu kwa utulivu."

Fermín alikuwa beki wa kushoto, umri miaka thelathini, na Dancille aliijua historia yake kuliko Zaburi. Alianza na klabu ya mji wao mdogo wa mashamba ya zabibu, huko huko Hispania. Klabu ikashuka daraja. Wakamwazimisha kwa nyingine, jinsi mtu anavyomwazima jirani sufuria lililotoboka, nayo ikashuka. Kupro alicheza mechi sita, rais wa klabu akatoroka. Romania alikaa benchi msimu mzima, akapewa cheti cha mchezaji mwenye nidhamu. Asiyeingia uwanjani atapataje kadi? Kisha Ugiriki, Ufini, Aisilandi, na kwingine ambako hata yeye mwenyewe alihitaji kufikiri kidogo kabla ya kukutaja. Mwaka 2009 akatua Stockholm, kwenye timu ya daraja la tatu ambayo, mvua isiponyesha, watazamaji wake huwazidi wachezaji. Mechi ya nne akaumia goti, akapelekwa hospitali, kwenye wodi alimokuwa Mélissa akifanya mafunzo ya kazi. Goti lilipona. Binti ndiye hakupona.

"Klabu kumi na moja, shemeji," Dancille alimwambia Cyriaque, mdogo wa marehemu mume wake. "Na mke atamhama baada ya mechi ngapi?"

Hakuwa anasema tu. Kwa miaka minane alikuwa amesafisha sakafu za uwanja wa ndege wa Arlanda, na kwa kutazama mizigo tu alijua nani anahama na nani anapita. Fermín alikuwa na begi moja dogo la kijivu. Alifika nalo Sweden, alikuja nalo Krismasi, na mkataba wake wa Stockholm ulipokwisha Novemba, hakuhitaji hata dakika kumi kufungasha. Jumapili alikuwa amepanda nalo ndege kwenda Hispania kusubiri kusaini.

Saa sita na robo simu ikalia. Mélissa akasikiliza, akaiweka mezani.

"Faksi ilikwama. Karatasi ya mwisho imefika saa sita na dakika nne. Hawamchukui."

"Maskini," alisema Dancille, akaingia chooni kumshukuru Mungu.

Alipotoka akauliza, "Basi anarudi lini?"

"Kasema atakuja."

"Lini?"

"Atakuja, Mama."

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa ukaja ujumbe wa maneno mawili: niko mbioni. Mtu asiye na klabu, asiye na mechi, yuko mbioni kwenda wapi? Kazini siku hiyo Dancille alitazama ubao wa ndege zinazowasili hadi msimamizi wake akamuuliza kama anasubiri mgeni. "Hata mimi sijui," alijibu.

Jumamosi nyumba ikajaa. Kwa desturi ya kina Dancille mshenga huingia kwanza na kuomba; mwoaji husubiri nje mpaka wenye nyumba wakubali kufungua. Fermín hakuwa na mjomba wala mzee wa kumsemea, basi alimtuma mtu pekee aliyezoea kumsemea: wakala wake Édouard, Mkongomani wa Brussels, aliyemuuza klabu baada ya klabu bila aibu.

"Mmepotea njia au mmetumwa?" Cyriaque alimuuliza.

Édouard akafunga kifungo cha koti. "Papa, nimewaletea kijana. Mguu wa kushoto safi. Hakosi mazoezi. Popote anazoea haraka."

"Ndicho tunachoogopa. Mbona unamsifu miguu, unatuuzia ng'ombe?"

Watu wakacheka.

"Hizo klabu kumi na moja je?"

"Uzoefu, papa."

"Na kwetu anakuja kwa muda gani?"

Hapo mazoea yakamponza Édouard. Mdomo ulijibu kichwa kikiwa bado kinafikiri: "Mwaka mmoja, na nafasi ya kuongeza wa pili pande zote zikiridhika."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, Édouard akishika kichwa, "Pardon, papa! Pardon!" Wawili tu hawakucheka. Mélissa alikuwa ameukazia macho mlango. Dancille alikuwa akimtazama Mélissa.

"Lakini kweli yuko hapo nje?" Dancille akauliza.

"Yuko, mama," alisema Édouard. "Tumefika naye asubuhi hii."

"Mama Mélissa," alisema Cyriaque akifuta machozi ya kicheko, "tufungue, au tumrudishe kwao?"

"Ngojeni."

Akaenda mlangoni, akaweka jicho kwenye tundu. Fermín alisimama kwenye korido, tai imeenda upande, akijibana ukutani ili jirani apite na kapu lake la nguo za kufua. Begi la kijivu halikuwapo. Pembeni yake yalisimama masanduku mawili makubwa kama majokofu, yamefungwa kwa mikanda ya suruali, kila moja na lebo nyekundu ya mzigo mzito ya uwanja wa ndege. Zipu ya moja ilikuwa imeshindwa kufunga, na mto wa kulalia ulichungulia.

Dancille aliitazama lebo ya kwanza. Akaitazama ya pili. Kilo thelathini na mbili kila moja. Hakuwa na haja ya mizani. Huyu alikuwa ameenda kwa mama yake akakomba chumba kizima.

Akatoa mnyororo, akafungua mlango wote.

"Vua viatu," alimwambia, kwa Kiswidi, ili asije akasingizia lugha.