Njia Ambayo Sikuikwangua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Si kalamu, si rula, wembe wa kunyolea! Mimi mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, nimevaa kitenge kipya na mtandio wa kuazima, nikajiuliza kama hawa mabwana wa Rohero, mtaa wa wakubwa, wananicheka. Direkta wa idara yetu ya mipango ya mji, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akanieleza. Ramani tulizichora kwa wino juu ya kalki, karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea, unakwangua wino taratibu kwa wembe.

"Lakini usizoee," akasema. "Kalki ikikwanguliwa sana inaota manyoya, wino mupya unatawanyika. Fikiri kwanza, binti, ndiyo uchore."

Nyie wa kompyuta mnabofya tu, mambo yamekwisha. Haya.

Kazi yetu ilikuwa mpango mkuu, yaani ramani ya mji utakavyokuwa wajukuu wakishakua: wapi pajengwe, wapi mifereji ishushe maji ya milimani hadi ziwani, wapi paachwe njia. Ardhi inayotengwa kabla barabara haijajengwa tuliiita akiba ya barabara. Hapo huruhusiwi kujenga hata choo.

Kisha vita vikaja. Kuna mitaa miwili ya kaskazini, siitaji kwa majina, wenyewe wanajijua. Zamani Wahutu na Watutsi walikaa humo wamechanganyika. Sasa kila mtaa ulibaki na watu wa kabila moja, na katikati pakawa na uwanja wa magugu usiokanyagwa na mtu. Ni palepale tulipochora akiba ya barabara ya kuiunganisha. Risasi zinalia milimani, watu wanakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na Direkta anakuja kazini na tai yake, anachonga penseli, anapanga mji wa miaka thelathini mbele! Nilimwona kichaa. Baadaye nikaona vichaa ni sisi wengine.

Siku moja akaja Mshauri, mkubwa aliyetumwa kutoka juu. Hata kuketi hakuketi.

"Njia hii ya nini? Nani atapita? Gaweni viwanja, kila upande ujenge ukuta wake. We mama, kwangua."

Wembe nilikuwa nao mkononi. Nilijua nyumba zikishasimama pale hakuna atakayezibomoa, na mji utabaki vipande viwili hadi kiama.

"Mukubwa," Direkta akasema polepole, "tukipata watu wa pande zote mbili waje kupima ile njia na sisi, itabaki?"

Mshauri akacheka. "Mukiwapata, itabaki. Mukiwakosa, huyu mama atakwangua."

Nikatumwa mimi. Buyenzi yetu haikugawanyika, na sisi Waswahili tuliuza na kununua kote, kwa hiyo niliweza kuingia mitaa yote miwili. Upande wa kwanza nilimwendea Mzee Salvatori, fundi mwashi.

"Apana, dada. Mi siendi kule. Wale waliniulia mutoto."

Nilimpa pole. Nilipoinuka akauliza, "Hiyo njia itafika mupaka ku shule?" Shule ilikuwa ng'ambo ya pili, na wajukuu zake hawakusoma tena. Nikamwambia itafika. "Basi nitakuja. Lakini sisemi na mutu."

Ng'ambo nilimpata Mama Dafroza, mjane, muuza mkaa aliyepoteza mume na wateja kwa pamoja. Naye alikubali kwa sharti asimtazame mtu usoni. Ee Mola, wapimaji gani hawa!

Asubuhi ya kupima, Direkta alisimama kwenye magugu na fito zake nyekundu na nyeupe, Mshauri ameegemea gari lake anatazama saa. Mzee akashika ncha moja ya utepe, Mama Dafroza ncha ya pili, kila mmoja ameangalia pembeni. Utepe ukilegea, kipimo kinadanganya. Ukalegea, ukalala chini. Direkta alingoja tu. Nami nikaupapasa wembe mfukoni.

"Vuta, mama!" Mzee akapaza sauti ghafla.

"Navuta! We ndiyo umelegea, muzee!"

Mtu mmoja akacheka, nadhani ni dereva, kisha tukacheka sote. Utepe ukanyooka. Direkta akageuka kufuta miwani, nami nikajua anafuta nini. Mshauri akafungua mlango wa gari. "Iacheni," akasema, akaondoka.

Barabara ilijengwa baada ya amani kurudi. Direkta hakuiona, maradhi yalimchukua kabla. Nilimpenda mtu yule kama baba, naandika hivyo bila haya.

Nimestaafu sasa, miguu inauma, ila juzi nilikwenda kuitembea. Kando yake msichana alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikamuuliza kama anajua nani aliiweka barabara ile.

"Aiweke nani, bibi? Si iko hapa tangu zamani!"

Nilitaka kumkaripia. Badala yake nikajikuta nalia na kucheka. Nikanunua ndagala za kumpelekea Mama Dafroza, ambaye bado anakaa ng'ambo, nikavuka.