Kontua kwenye Beseni

Mara ya kwanza mhadhiri wangu aliponikagua darasani, aliandika mstari mmoja tu: "Mwalimu anasoma kitabu, wanafunzi wanasinzia." Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Nilikuwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, sekondari moja karibu na bwawa la Hombolo, na alikuwa amebakiza kuja mara moja tu kutoka chuoni, Chimwaga. Nikianguka tena, narudia mwaka.

Somo lililonitoa jasho ni kontua, ile mistari ya kwenye ramani inayoonyesha kimo cha ardhi. Niliichora ubaoni wiki nzima. Kidato cha tatu wakanakili vizuri sana, wasielewe kitu. Usiku wa kuamkia ukaguzi nilipakua ugali wa mtama, nikautazama ulivyojiinua sahanini kama kilima, nikacheka peke yangu. Sikuula.

Kesho yake nikaingia darasani na beseni, jagi la maji na ule ugali uliolala, mgumu. Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri, aliyekaa dawati la nyuma kabisa, hakucheka. Nikauweka ugali ndani ya beseni, nikamimina maji kidogo, nikakwaruza mstari kwa ncha ya kisu kuuzunguka ugali pale maji yalipofika. Nikaongeza maji kwa kimo kilekile, nikakwaruza tena, hivyohivyo hadi karibu na kilele. Kisha nikawaita waje wautazame kutoka juu.

Wakaja, wakachungulia, wakarudi kukaa. Nikajisemea, leo nimekwisha.

Ndipo msichana mmoja, ambaye tangu nifike sikuwahi kuisikia sauti yake, akanyoosha mkono. Akaomba aseme kwa Kiswahili, ilhali somo letu hufundishwa kwa Kiingereza. Nikamwona mhadhiri anashika kalamu. Potelea mbali, nikamruhusu.

"Mwalimu, hii si ndiyo mistari ya bwawani? Kiangazi maji yakipungua yanaacha alama kwenye tope. Kwetu, upande wa mashamba ya zabibu, alama zimeachana kwa sababu pameinama kidogo tu. Kule kwenye mawe zimebanana, maana pana mteremko mkali."

Lo! Hata mimi sikuwa nimeliwaza hilo. Darasa zima likaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja na upande wake wa bwawa, wakigombea chaki waende kuchora ubaoni. Nilitamani kupiga vigelegele palepale, na nakiri kidogo vinitoke. Kengele ililia, hakuna aliyetoka.

Mhadhiri alifunga faili bila kuniambia alama. Nikamsindikiza hadi kwenye gari. Akawasha gari, kisha akateremsha kioo. Huyu ndiye aliyeniita "binti" tangu mwaka wa kwanza, hata siku moja hakuniita vingine.

"Mwalimu," akasema, "huo ugali unausonga mgumu kiasi gani? Wanafunzi wangu kule chuoni kontua haiwaingii, na Jumatatu nina kipindi."