Swali la tisa kwenye fomu ya Marlee

Saa moja na robo asubuhi, Jumanne. Jolene Sandvik amekwisha kufuta sentensi ileile mara nne. Anaiandika, anaisoma kwa sauti ya chini, anaifuta, anashika kikombe cha kahawa iliyopoa zamani, kisha anaiandika tena. Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na pikapu yake imechomekwa kwenye umeme wa ukutani ili injini isigande.

Ofisi yake iko chini ya ukumbi wa michezo wa Chuo cha Kettle Butte, jimbo la Montana, katika chumba kilichokuwa cha kufulia jezi. Mabomba bado yanapita juu ya meza. Timu ya wanawake ya mpira wa kikapu imeanza mazoezi huko juu na dari inatikisika.

"Huyo ni Marlee," anasema, akiinua kidole. "Ana hatua mbili nyepesi halafu moja nzito. Mazoezi anaruhusiwa. Mechi ndiyo haruhusiwi. Wiki ya saba sasa anakuja kutoa jasho la bure."

Jolene, mwenye umri wa miaka 57, ni ofisa wa kanuni za michezo chuoni hapo. Mwanafunzi akivunja kanuni ya baraza la michezo ya vyuo, hata kwa kutojua, Jolene ndiye anayesaini karatasi ya kumwondoa mchezoni. Halafu huyohuyo Jolene anageuka, anaketi, na kuandika maombi ya kumrudisha. Asubuhi anamfungia mtu mlango, mchana anambishia hodi.

Ana timu kumi na nne na wanamichezo 312, peke yake, kwa mshahara wa dola 41,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Yeye ni binti wa mkulima wa viazisukari, si mwanasheria. Alikuwa karani wa duka la vitabu la chuo mpaka ofisa aliyekuwapo alipoacha kazi ghafla, na mtu akakumbuka kwamba Jolene anasoma maandishi madogo bila kulalamika.

"Waliniambia nishike kwa mwezi mmoja," anasema. "Sasa mwaka wa saba."

Katika miaka hiyo ameandika maombi 23, na wanafunzi kumi na saba wakarudi uwanjani. Yupo aliyekula chakula cha jioni kwa mfadhili wa timu, na yupo aliyeweka dola tano kwenye kamari ya kubashiri mechi ofisini kwa bibi yake. Kesi za namna hiyo Jolene anazisimulia huku akicheka. Ya Marlee hacheki.

Marlee Plainfeather ana miaka 22, yuko mwaka wa nne, na huu ndio msimu wake wa mwisho. Anatoka katika ardhi ya kabila la Crow, wenyeji wa asili wa Marekani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na akicheza, watu wa kwao hujaza nusu ya ukumbi. Wanakuja na watoto wachanga, na wazee wanaovaa kofia pana zinazowakera waliokaa nyuma yao. Timu ikiwa nyuma kwa pointi kumi, utamsikia mmoja akipaza sauti, "Mpeni mtoto wetu mpira, mkapumzike!"

Desemba mwaka jana ilikuwa inatimia mwaka mmoja tangu kaka yake, Delano, kijana wa miaka 24, afe barabarani kwenye barafu. Kwao kina Marlee, mtu wa namna hiyo hukumbukwa kwa mashindano ya mpira wa kikapu. Familia huandaa, timu hutoka huku na huko, na washindi hupewa makoti yenye jina la marehemu. Mchezaji bora huvishwa blanketi la sufu na mama wa marehemu mwenyewe. Ukoo ukikuita kucheza siku hiyo, huendi kutafuta kisingizio.

Marlee alijua kuna kanuni. Kwa hiyo tarehe 19 Desemba, saa kumi jioni, alisimama mlangoni kwa Jolene akiwa na mkoba begani.

"Bi Jolene, naweza kucheza nyumbani? Ni mashindano ya kumbukumbu ya kaka yangu. Siku mbili tu, baada ya Krismasi."

Jolene alikuwa amezungukwa na makaratasi ya timu ya mieleka. "Ni likizo, si ndiyo?"

"Ndiyo, likizo."

"Basi nenda, mwanangu. Likizo ni yako. Msalimie mama yako."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo mtu asiyeishi ndani ya kitabu kile cha kanuni asingeweza kulifanya. Ipo kweli kanuni inayomruhusu mwanamichezo kucheza nje ya chuo wakati wa likizo. Inahusu voliboli, soka na michezo mingine mingi. Mpira wa kikapu umewekwa kando, kurasa mbili mbele, na katazo lake halina likizo. Jolene aliwahi kuifundisha kanuni hiyo mbele ya makocha. Jioni ile kichwa chake kilikuwa na mieleka, akajibu kwa ukurasa mwingine.

Timu ya Marlee ilishinda. Picha yake akiwa amevishwa blanketi, analia na kucheka kwa pamoja, ilisambaa mtandaoni. Shabiki wa chuo pinzani akaituma barazani, na tarehe 6 Januari barua ikafika kwenye meza hii hapa.

"Nilifungua kitabu, nikaona ukurasa," anasema Jolene. "Kisha nikasaini ya kumwondoa, maana ndiyo kazi."

Fomu ya maombi ya kumrudisha ina maswali kumi na mbili. La nne linauliza uhusiano wa mchezaji na marehemu. Jolene aliandika "kaka", kama Marlee alivyomwambia. Baraza likajibu kwamba marehemu ni binamu, kwa kuwa alizaliwa na mama mdogo, na binamu hamo katika orodha ya jamaa wa karibu. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa. Mtoto wa mama mdogo ni nani, kama si kaka? Lakini wasomaji wetu hawakai barazani.

Swali la tisa ndilo linalomla Jolene. Linasema: je, mwanamichezo alitafuta ushauri wa ofisa wa chuo kabla ya tukio? Akijibiwa ndiyo, na kwamba alishauriwa vibaya, adhabu hupungua sana, mara nyingine hufutwa kabisa. Kati ya kesi zake kumi na saba zilizofanikiwa, nne zilipita kwenye tundu hilohilo.

Kabla hajalijibu, Jolene alipanda ghorofa ya pili kwa mkurugenzi wa michezo, Garrett Thorsrud, akamweleza kila kitu. Anayakumbuka maneno yake.

"Jolene, mama, hebu fikiri. Ukiandika kwamba aliuliza, kosa linatoka kwake linakuja kwetu. Watakuja na darubini, wafungue mafaili ya timu zote kumi na nne. Na wa kwanza kuondoka ni wewe."

"Sasa niandike nini?"

"Kwani alikuuliza kwa maandishi?"

"Hapana. Alisimama mlangoni."

"Basi andika ukweli. Hakuna kumbukumbu ya maandishi."

Akaandika hivyo. Hakuna kumbukumbu ya maandishi. Kila neno la kweli, na jumla yake uongo.

Alipotafutwa na mwandishi, Thorsrud alisema chuo hakizungumzii mambo ya mwanafunzi mmoja mmoja, akatutakia siku njema.

Jibu lilichukua siku kumi na moja. Marlee alifungiwa mechi zote zilizobaki za msimu, kwa sababu, baraza liliandika, "mwanamichezo hakuonesha kwamba alichukua hatua yoyote ya kujua kanuni". Tena aliagizwa kurudisha blanketi, kwa kuwa ni zawadi ya mchezo uliokatazwa, au atoe thamani yake kwa wenye shida. Kwa kawaida tunasema mdomo huponza kichwa. Hapa mdomo wa mmoja umeponza kichwa cha mwingine.

Jolene aliendesha mwenyewe mpaka kwa Lavonne, mama wa Delano, kueleza habari ya blanketi. Alikuta supu ya nyama ya kulungu jikoni na mikate ya kukaangwa mezani.

"Wee Jolene, keti ule kwanza," Lavonne alimwambia. "Ninyi watu wa vitabu mnakonda kwa kusoma makosa ya wenzenu."

Aliposikia agizo, Lavonne alifunika sufuria ya supu. "Nilimvisha mwanangu mbele ya watu, kwa jina la mwanangu mwingine. Sasa wanataka nimvue? Waambie waje wenyewe. Nitawapikia pia."

Hakuna aliyekuja. Marlee, anayepanga vitabu maktaba kwa dola kumi na mbili kwa saa, alipeleka dola 290 kwenye kituo cha kugawa chakula mjini, akaleta risiti. Na Jolene? Alikula supu, akashukuru, akarudi. Kuhusu swali la tisa hakufungua mdomo.

"Alinifungia mikate ya njiani," anasema. "Nikaila ndani ya gari nikilia kama mjinga. Siombi unionee huruma. Mimi nilikuwa nalia, mshahara wangu uko palepale. Marlee ndiye hachezi."

Muda wa kukata rufaa ulikwisha wiki tatu zilizopita. Imebaki njia moja, ya kupeleka taarifa mpya, na jibu lake huchukua siku kumi za kazi. Timu imebakiza mechi mbili, Alhamisi ugenini na Jumamosi nyumbani. Jolene anajua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo sentensi aliyokuwa akiifuta tangu alfajiri sasa imetulia kwenye kompyuta: *Mwanamichezo aliniuliza mimi kabla ya tukio, nami nikamruhusu.*

Saa mbili kasoro dakika tano vishindo vinakoma huko juu. Marlee anashuka, taulo shingoni, nywele zimelowa. Jolene ndiye aliyemwita. Anamwomba asome kwenye kompyuta.

Marlee anasoma akiwa amesimama. "Hii si uliandika mwezi wa kwanza?"

"Hapana."

"Kwani hukuandika?"

"Sikuandika, Marlee. Niliandika hakuna kumbukumbu."

Msichana anaisoma tena, polepole. Yeye hakuwahi kuiona fomu iliyotumwa, maana alisaini ukurasa wa mwisho tu, kama wanavyosaini wote. Tangu jibu lije, aliamini baraza lilimsikia na likamkatalia.

"Mimi nimemwambia mama mdogo kwamba Bi Jolene amenipigania," anasema. "Anakutaja kwenye sala kila Jumapili, unajua? Jina lako kabisa. Na watu wanaitikia."

Jolene anamsogezea kiti. Marlee hakikalii.

"Nilijiona mimi ndiye mpumbavu. Nilijiuliza, labda sikukuuliza vizuri. Labda nilisema haraka."

"Uliuliza vizuri."

"Sasa hivi inanisaidia nini?"

"Kucheza, haikusaidii. Jibu litakuja msimu umeshaisha."

"Sasa unaituma ya nini? Ili ulale?"

"Ili faili lako lisiseme hukuuliza."

Kuanzia Agosti Marlee amepata kazi ya kufundisha shule ya msingi ya kwao, na hatabaki chuoni kusubiri mwaka mwingine hata kama wangempa. Anavuta taulo, anajifuta uso wote, na anakaa nalo hapo usoni muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji.

"Tuma," anasema kutoka ndani ya taulo. "Lakini kwa mama mdogo usinitume mimi. Utaenda mwenyewe." Anapanda ngazi bila kuaga.

Jolene anabonyeza. Barua imekwenda, bila saini ya mkurugenzi. Kwa utaratibu wa chuo, hilo peke yake linatosha kumfukuzisha kazi. Mumewe yuko nyumbani tangu aumie mgongo, na bima ya matibabu ya wote wawili iko kwenye ajira hii. Anasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani.

Ana matumaini gani? Anatumaini kwamba barua itajibiwa, hata ikija Juni, na itasema kwa lugha yao kavu kwamba Plainfeather hakuwa na kosa. Zaidi ya hilo hana.

Jumamosi ni siku ya kuwaaga wanaomaliza. Kila mchezaji wa mwaka wa nne huingizwa uwanjani na familia yake kabla ya mechi, na Marlee ataingia na watu wake akiwa na nguo za kawaida. Wanakuja wengi, magari hamsini pengine. Wafanyakazi wa idara hupeana zamu za kukata tiketi, na Jumamosi hiyo zamu imemwangukia Jolene.

"Nilitaka kubadilishana na mtu," anasema. "Nimeacha. Wakinifukuza kabla ya Jumamosi, nitasimama nje kwenye theluji, mlango ni uleule mmoja. Wote watapita kwangu. Na kila atakayeniuliza kwa nini mtoto wao hachezi, nitamwambia, aliniuliza mimi, nikamwambia nenda."